Katuni ni za mtoto, deni ni la nani?



Wiki iliyopita mteja alinijia dukani na simu mkononi. Ndani ya simu mna picha ya Elsa, yule binti wa barafu wa katuni ya Frozen, na gauni lake la buluu linalometameta. Mtoto wake anatimiza miaka mitatu. Nikamuuliza mtoto yuko wapi nimpime. Akacheka. "Fundi, si la mtoto tu, tushonee sote." Sote ni nani? Mtoto, mama, mama wadogo wawili, shangazi na bibi yake. Magauni sita ya Elsa, na majoho ya neti yenye kuburura chini, na ukumbi umeshalipiwa.

Nilimwambia ninalofikiri. Nikamwambia la mtoto nitamshonea kwa bei nzuri, na pesa za hayo matano mengine aziweke. Akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe fundi au ustadhi?" Akachukua mfuko wake wa vitambaa akaondoka.

Basi kabla sijaenda mbali mjue kwamba haya ninayoyasema yananitia hasara mwenyewe. Magauni matano ya watu wazima kwangu ni kodi ya duka ya mwezi mzima. Na hapana, mimi si ustadhi. Mimi ni mtu aliyeungua.

Binti yangu alipotimiza miaka minne, huyo mama wa simu mkononi nilikuwa mimi. Mwanangu alikuwa anaipenda katuni ya Masha and the Bear, ile ya Warusi, ya kitoto kitundu chenye ushungi na dubu wake. Nikasema nitamfanyia siku ambayo mtaa utaizungumza. Keki ya ngazi tatu, 180,000. Tao la maputo ya waridi na meza ya mapambo, 150,000. Mpiga picha. Chakula cha watu sitini, na katika hao sitini watoto hawakufika ishirini. Na juu ya yote nikakodi mtu aje amevaa vazi la dubu, kichwa kikubwa kama tangi la maji. Jumla ilipita laki sita.

Ilikuwa mwezi wa Rajabu. Wanaoshona wenzangu wataelewa maana yake. Shaabani ndipo ninapopanda boti kwenda Kariakoo ya Dar es Salaam kuchukua vitambaa vya Idd, na zile laki sita ndizo zilizokuwa vitambaa vyangu. Nilijiambia nitazirudisha nikipokea mchezo. Zamu yangu ya mchezo ikasogezwa mbele kwa sababu mwenzetu alifiwa, na sikuweza kusema neno, utasema nini mbele ya msiba? Ramadhani ikaingia duka likiwa na marobota mawili. Wateja wangu wa miaka yote walipita, wakaangalia rafu, wakasema "tutarudi, fundi." Niliwaona Idd mosi wamevaa kazi za watu wengine.

Na siku yenyewe ilikwendaje? Dubu aliingia uani saa kumi na moja. Mwanangu alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata siku ya chanjo hakulia vile. Alinikamata mguu, akanipandia kama paka anavyopanda mnazi. Jamani, kwenye simu dubu ana ukubwa wa kidole gumba! Mtoto hakuwahi kujua kwamba ni mnyama anayejaza mlango. Mimi nikafanya nini? Nilimbandua mikono yake mguuni nikamsogeza kwa dubu ili picha ipatikane, maana dubu nilimlipa kwa saa. Video hiyo ninayo mpaka leo. Wanawake wanacheka, mimi nacheka, yeye analia huku akinitazama.

Sijaifuta. Kila mteja akija na simu mkononi naikumbuka.

Baada ya wiki nilimuuliza siku yake alipenda nini. Akasema paka alilamba keki. Kweli, paka wa jirani alipanda meza ya nyuma akalamba keki, na watoto walimkimbiza kuzunguka uwa mzima. Hilo ndilo lililobaki kwake. Laki sita, na furaha ikaletwa na paka ambaye hakualikwa.

Sasa wapo watakaosema nilistahili, kwa sababu birthdei zenyewe si zetu. Nyumbani kwangu aliyesema hivyo ni mama mkwe. Alikaa ukutani siku ile na kanga yake, hakugusa keki, na usiku aliniita: "Mwanangu, mimi sikuzijua siku za kuzaliwa wanangu, na wote wamekua." Naheshimu. Masheikh wetu wengi wanaikataa sherehe hii, na wapo wengine wanaoona ni jambo la desturi tu ikiwa ndani yake hamna haramu. Mimi sitoi fatwa, muulize sheikh wako unayemwamini na umsikilize. Lakini naona kitu kimoja. Sisi tunaobishana usiku kucha juu ya keki na mishumaa hatubishani kabisa juu ya deni, juu ya israfu, juu ya kumkopa muuza kuku na kumkimbia. Aya ya wabadhirifu katika Suratul Israa tunaisoma sote, na haisubiri siku ya kuzaliwa mtu.

Na kuhusu katuni zenyewe sikubaliani na wanaosema kila kinyago cha mtoto ni sanamu. Imepokewa kwamba Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na wanasesere, na mashoga zake wakija kucheza naye nyumbani kwa Mtume, rehma na amani zimshukie. Na katika Sunan Abu Dawud imo habari ya farasi wake wa kuchezea mwenye mbawa mbili za vipande vya nguo. Alipoulizwa farasi gani huyo mwenye mbawa, alijibu kwa kutaja farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka. Mimi kila nikiokota vipande chini ya cherehani namkumbuka farasi yule. Hakununuliwa ukumbini. Alitengenezwa na masalio ya nguo, na mkubwa wa nyumba akapata wasaa wa kukaa, kuuliza na kucheka.

Hapo ndipo ninaposimama. Mtoto wa miaka mitatu au minne kupenda katuni si dhambi yake wala aibu yako. Mpe katuni yake. Ila mpe kwa ukubwa wake yeye.

Kwa ukubwa wake maana yake ni hii. Alika watoto anaowataja mwenyewe kwa majina. Mtoto wa miaka minne ukimuuliza atakutajia watano, sita, na mmoja kati yao atakuwa binamu aliyemng'ata jana. Hao ndio wageni. Mama zao wakija ni baraka, chai ipo. Anza baada ya Alasiri, malizeni kabla ya Magharibi, kila mtu aende kusali kwake na mtoto alale mapema.

Katuni iwekwe mahali pawili tu, kwenye keki na kwenye nguo. Tao, bango, vikombe, sahani na mirija yenye sura ya Elsa vyote vinaishia jaani kesho yake asubuhi. Keki ya duara ya kawaida yenye picha moja ya kuliwa juu yake inamtosha mtoto kabisa. Muulize muokaji kuhusu ile sukari inayokunjwa kama chapati na kufunikwa juu ya keki, na vile vipambo laini vya kutafuna: mara nyingine vina jelatini, na jelatini nyingi hutoka kwenye nguruwe. Soma pakiti au mwambie akupakie krimu ya siagi, yaishe. Mezani weka katlesi, kachori, visheti na juisi ya bungo. Vifuko vya kwenda navyo nyumbani tia ubuyu na kashata, hakuna mtoto wa hapa kwetu atakayeulizia chokoleti ya nje.

Sasa nguo, na hapa mniwie radhi nitakaa kidogo maana ndiyo kazi yangu. Magauni ya katuni yanayoletwa yameshonwa tayari ni satini nyembamba na neti juu ya ngozi. Mtoto analivaa nusu saa, anaanza kujikuna kiunoni na kwapani, halafu mama anasema mtoto ana hasira leo. Hana hasira, neti inamchoma. Ukitaka neti, iwe juu, na ndani yake bitana ya pamba inayofika mpaka chini, na mshono wa kiuno ufunikwe usiguse ngozi. Kwa kivuli chetu hiki cha joto mimi nashona gauni lote la pamba. Lastiki mgongoni badala ya zipu, ili alivae na mwakani. Upindo wa chini uacheni vidole vinne ndani, utafumuliwa akirefuka. Halafu lile linalomfanya awe Elsa, yaani joho lenye kumeta, lishonwe mbali na lishikizwe mabegani kwa vifungo vya kubana. Sherehe ikiisha unalibandua, na gauni linabaki gauni. Idd mosi analivaa anakwenda nalo Mnazi Mmoja kwenye pembea, na hakuna atakayejua lilianzia wapi.

Masha yeye ni rahisi zaidi, na mwenyewe kajisitiri: blauzi nyeupe ya mikono mirefu, gauni la waridi juu yake, ushungi. Peppa Pig mimi simshoni. Si kwamba mtoto akimtazama atakula nguruwe, ila sherehe inayoanza kwa bibi kununa haina ladha. Na wanaotaka cha kwetu, yupo Akili wa Akili and Me, inayotengenezwa Dar es Salaam na Ubongo. Ni mtoto wa miaka minne chini ya Mlima Kilimanjaro, akilala anaota yuko na marafiki zake wanyama, na anahesabu kwa Kiswahili. Mtoto wa kike mweusi mwenye nywele zake, mtoto wako atajiona.

Jambo la simu nimeliweka nyuma lakini ndilo zito kuliko keki. Uani tunakuwa wanawake watupu, tumevua mabaibui, tumejifunua nywele, tunacheka. Kwenye ile sherehe yangu shoga yangu mmoja alitoka nyuma ya dubu, kichwa wazi, kanga kifuani, kwenye stetasi ya mgeni wa mgeni. Mumewe aliletewa picha ile na mwanamume mwenzake kazini. Sikuzungumza naye kwa miezi mitatu, na nilipokwenda kumwomba radhi sikuwa na la kujitetea, maana mpiga picha nilimwita mimi. Siku hizi mlangoni naweka kikapu cha ukili. Simu zote zinaingia humo, ya kwangu ya kwanza. Mtu mmoja tunamchagua ampige mtoto picha tatu akiwa na keki yake na bibi yake, basi.

Nanyi mabibi harusi mnaosoma mkisema haya bado hayajanifika, mimi ndiye ninayewashonea, nawajua. Sare za watu arubaini ambazo kumi na tano hawajamaliza kulipa, ndipo unapoanza huo ugonjwa. Mtoto anapozaliwa anaukuta nyumbani.

Mwaka jana binti yangu alimaliza Juzuu Amma chuoni. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyesema tumfanyie kitu. Watoto saba wa chuoni kwao, dua, halafu keki ndogo, na juu ya keki alitaka paka. Nilimshonea mkia wa kipande cha satini kilichobaki kwenye gauni la mteja, nikaufunga kiunoni kwa lastiki. Mama mkwe alikula keki vipande viwili na kuulizia kama imebaki.

Yule mteja wa Elsa alipata fundi mwingine, na magauni yote sita yakashonwa. Picha zimenifikia, zinafika kwa kila mtu siku hizi. Yalikaa vizuri, lazima niseme kweli, ingawa mshono wa bega la shangazi unavuta. Mtoto nilimtafuta picha baada ya picha. Nilimkuta kwenye ya mwisho, amelala begani mwa dada wa kazi, kiatu kimoja hana.