Ngoma ya Gemu Nyumbani: Tuichague kwa Sikio la Mtoto

Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakiona ni mchezo tu wa watoto. Ni ile ngoma ya kuchezea gemu za muziki kwenye runinga. Huletwa na ndugu walioko Ulaya, Marekani au Uarabuni, au hununuliwa ikiwa imekwisha tumika. Baba huuliza bei, mama huuliza itakaa wapi, watoto huuliza itaanza kulia lini. Mimi kama muuguzi nina swali langu: masikio ya watoto yatakuwaje baada ya mwaka mmoja?

Kwa wale wasioifahamu, ngoma hii haina ngozi wala haina mvumo wa kwake. Ni sahani kadhaa za plastiki au mpira zilizofungwa kwenye vyuma, na mara nyingi chini yake kuna pedeli ya mguu. Alama za rangi huteremka kwenye kioo cha runinga, na mtoto hupiga sahani yenye rangi hiyo kwa wakati wake. Ngoma hupeleka habari kwenye mashine ya gemu, na runinga ndiyo inayolia. Wajapani walitoa gemu yao ya ngoma, Taiko no Tatsujin, mwaka 2001. Huko Marekani Rock Band ilitoka mwaka 2007, na Guitar Hero World Tour ikafuata mwaka 2008. Ngoma nyingi za gemu hizi mbili zinazopatikana leo ni za mtumba.

Niseme mapema kwamba siupingi mchezo huu. Mtoto anayepiga ngoma anatumia mikono, miguu, macho na akili kwa pamoja. Hilo ni bora kuliko kukaa kimya mbele ya kioo akibonyeza vidole tu. Ninalolipinga ni desturi moja inayofuata baada ya ngoma kuingia nyumbani. Kelele zikizidi, mzazi hununua hedifoni, humvika mtoto, nyumba ikatulia, naye akadhani tatizo limekwisha. Tatizo halijaisha. Limehamia ndani ya sikio la mtoto.

Ngoma ya uwanjani na ngoma ya sebuleni

Sisi watu wa kanda hii hatuna ugeni na ngoma. Pale Bujora, Kisesa, yalipo makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, ngoma za watemi zimehifadhiwa kwa heshima. Kila mwaka mwezi wa Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi Takatifu, watu hukusanyika huko kwa sherehe ya Bulabo, na vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza. Ngoma hizo hulia kwa nguvu, lakini hulia uwanjani. Sauti hupata nafasi ya kutawanyika. Wapigaji hupokezana, na ukichoka unasogea pembeni. Jioni watu hurudi makwao, na masikio hupumzika.

Sebule zetu nyingi ni tofauti. Chumba ni kidogo, kuta ni za saruji, juu ni bati. Sauti ikitoka kwenye spika hugonga ukuta na kurudi. Hapo mtoto huketi karibu na runinga siku baada ya siku, naye ni peke yake, hana wa kumpokea fimbo. Na kule kwenye vilima vya Mabatini na kwingineko ambako nyumba zimepandana juu ya mawe, sauti ya kwako ni sauti ya jirani pia. Kwa hiyo naelewa vizuri kwa nini mzazi hukimbilia hedifoni. Hata hivyo, amani ya jirani isinunuliwe kwa sikio la mtoto.

Sikio halina vipuri

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo sana zenye vinyweleo. Kazi yake ni kupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Sauti kubwa ya muda mrefu huzichosha, kisha huziua. Zikifa, kwa binadamu hazioti tena. Mfupa uliovunjika tunaufunga ukaunga, kidonda tunakisafisha kikapona, bali usikivu uliopotea kwa njia hii hatuna dawa ya kuurudisha.

Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto asizidishe desibeli 75 kwa saa 40 katika wiki nzima. Kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa hizo hizo. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda wa usalama hupungua kwa nusu. Maana yake, mtoto anayesikiliza kwa desibeli 90 humaliza fungu lake la wiki kwa saa moja na robo tu. Nyimbo ishirini hivi, na wiki imekwisha.

Jambo hili limeanza kuangaliwa duniani. Mwaka 2024 jarida la BMJ Public Health lilichapisha uchambuzi wa tafiti 14 kutoka nchi 9 juu ya gemu na usikivu. Ulionyesha kwamba sauti ya gemu mara nyingi hukaribia kiwango cha usalama au hukipita. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu walitoa kanuni za usikilizaji salama kwa gemu za video. Kanuni hizo ni nzuri, lakini ngoma ya mwaka 2008 iliyokuja kwa mtumba haizijui. Lazima mzazi awe ndiye kanuni.

Namna ya kuchagua

Ukiamua kununua, usiangalie rangi wala jina. Angalia mambo haya:

1. Sahani zake. Bonyeza kwa kidole. Sahani ya mpira laini hupokea fimbo bila kelele nyingi na bila kuurudisha mshtuko kwenye kifundo cha mkono. Sahani ya plastiki ngumu hulia kama sufuria, na mtoto huongeza sauti ya runinga ili aishinde. Hivyo ngoma tulivu ndiyo inayowezesha runinga kuwa tulivu.

2. Sahani zote zifanye kazi. Usinunue kabla hujaiona ikichezwa. Piga kila sahani polepole, kisha kwa kasi. Sahani iliyochoka haisikii pigo jepesi, na mtoto hujifunza kupiga kwa nguvu zote. Ndipo huanza kulalamika maumivu ya kifundo na kiwiko.

3. Kimo. Vyuma viwe vinapanda na kushuka. Mtoto aketi kwenye kigoda imara, nyayo zote zikifika chini, mgongo umenyooka, sahani zikiwa usawa wa kitovu au juu kidogo ya mapaja. Akilazimika kuinua mabega ili apige, ngoma hiyo ni ya mtu mkubwa.

4. Undugu wake na mashine. Ngoma iliyotengenezwa kwa PlayStation kwa kawaida haifanyi kazi kwenye Xbox. Nyingi zisizo na waya huhitaji kidude kidogo cha kuchomeka kwenye mashine ili kupokea mawimbi. Kidude hicho kikipotea, umenunua pambo. Kiulize kabla ya kutoa fedha.

5. Umeme. Umeme wetu ni wa volti 230. Mashine nyingine zilizotoka Marekani ni za volti 110 au 120. Soma maandishi yaliyo kwenye mashine au kwenye adapta yake. Yakisema 100-240V, ni salama kwetu. Kama sivyo, muone fundi umeme kwanza, maana mashine inaweza kuungua na kuwasha nyumba.

6. Betri. Ngoma ndogo za kuchezea watoto wachanga wakati mwingine hutumia betri bapa za duara, mfano wa kifungo cha shati. Usinunue kama mfuniko wa betri haufungwi kwa skrubu. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Usimtapishe. Mkimbize hospitali hapo hapo, hata kama anaonekana mzima.

Wapo wanaouliza kama afadhali kununua ngoma kamili ya umeme, ile yenye kisanduku cha sauti, ambayo nyingine huweza kuunganishwa na gemu. Kwa mwenye uwezo, mimi naiunga mkono. Siku mtoto akichoka na gemu, bado atakuwa na chombo cha muziki cha kujifunzia. Ngoma ya gemu peke yake, runinga ikizimwa, ni meza yenye fimbo. Na asiye na uwezo asikope. Ngoma iliyowambwa kwa ngozi, ikipigwa chini ya mwembe, inamfundisha mtoto mapigo yale yale, naye atapata wenzake wa kupokezana.

Sheria za nyumba

Ngoma ikishaingia, wekeni sheria siku ya kwanza, kabla watoto hawajatunga zao.

Kwanza, sauti itoke kwenye runinga, isitoke kwenye hedifoni. Kipimo ni rahisi: simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mtoto, useme naye kwa sauti ya kawaida. Kama hakusikii mpaka upaze sauti, punguza. Weka alama kwenye namba mliyokubaliana, na mzazi pekee aibadilishe.

Pili, tandika mkeka mnene au kipande cha zulia chini ya pedeli. Kinachomsumbua jirani zaidi ni mtikisiko wa sakafu. Mkikubaliana naye saa za kucheza, hamtahitaji hedifoni.

Tatu, kama hapana budi kutumia hedifoni, mathalani kuna mgonjwa ndani, sauti isipite asilimia 60 ya mwisho wake, na muda uwe mfupi. Mwenye sikio linalotoa usaha asivae kabisa, wala wasiazimane.

Nne, kila baada ya nyimbo chache mtoto aweke fimbo chini, anyooshe mikono, atoke nje. Saa moja kabla ya kulala runinga izimwe. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Kwa walio kati ya miaka 2 na 4, Shirika la Afya Duniani linashauri kioo kisizidi saa moja kwa siku, na chini ya miaka 2 kisiwepo.

Tano, kama mna mtoto mwenye kifafa, mwulizeni daktari wake kwanza. Kati ya watu 100 wenye kifafa, kama 3 hivi huweza kuanguka kwa sababu ya mwanga unaomweka, na gemu hizi zina mwanga wa namna hiyo. Watoto wote wakae mbali na kioo, na taa ya chumba iwake.

Dalili za kuangalia

Mtoto anayepoteza usikivu hasemi, "Mama, sisikii." Hajui kwamba hasikii. Yeye huongeza sauti ya runinga, huuliza "Umesemaje?" mara kwa mara, hulalamika kwamba sikio linavuma au lina kengele. Darasani, kwenye msongamano wa wanafunzi, huonekana mzembe au mkaidi. Huchapwa kwa kutotii amri ambayo hakuisikia. Hapo ndipo hasara inapoanza kuwa kubwa, kwa sababu masomo yanampita naye hana anayemtetea.

Ukiona dalili hizi, simamisha ngoma na umpeleke kituo cha afya akaangaliwe. Huenda ni nta tu, au ni ugonjwa wa sikio unaotibika. Ikilazimu ataelekezwa kwa wataalamu wa masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa. Msimtie mafuta ya moto, wala maji ya majani, wala kuchokonoa kwa njiti.

Wazazi wapendwa, wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Ngoma ya gemu itachakaa, sahani zitapasuka, na mashine yake itapitwa na wakati. Hayo hayana neno. Kama nyumbani kwenu baba, mama na watoto mnaweza kukubaliana juu ya sauti na muda, nunueni ngoma na mfurahi pamoja. Kama hamwezi kukubaliana, msinunue. Mtoto atasahau ngoma asiyoipata, lakini masikio hayo mawili ndiyo atakayoyatumia maisha yake yote.