Lenzi ya Nyongeza na Namba Isiyoandikwa Juu ya Kasha

Mtu anunuaye lenzi ya nyongeza kwa ajili ya kamera yake hukuta juu ya kasha namba moja iliyopigwa chapa kwa tarakimu kubwa: 1.4, au 1.7, au 2. Namba hiyo humwambia kwamba kitu kilicho mbali kitaonekana kikubwa mara hizo. Si lazima iwe ya uongo, lakini haisemi yote. Iko namba ya pili, ambayo ndiyo iamuayo kama picha itapata habari mpya au itakuza tu kile kilichokuwapo, nayo aghalabu haiandikwi mahali popote. Namba hiyo ni kipenyo cha tundu la mbele. Mwanafunzi aliyefundishwa habari za lenzi muhula mzima, kisha akasimama mbele ya kasha hilo asijue la kuuliza, amefundishwa nusu ya somo.

Jambo lenyewe linahusu kamera za kidijitali zenye lenzi isiyobanduka. Mwenye kamera ya namba hii hawezi kuitoa lenzi na kuweka nyingine iliyo ndefu zaidi; alilouziwa ndilo hilo. Tangu zamani watengenezaji wametoa dawa ya upungufu huo, yaani lenzi ya nyongeza inayofungwa mbele ya ile ya kamera. Nikon Coolpix 950 ya mwaka 1999, Olympus C-2100 ya mwaka 2000 na Panasonic Lumix FZ20 ya mwaka 2004 zote ziliweza kufungiwa lenzi kama hizo. Kamera hizo hazitengenezwi tena, lakini zilizosalia bado hupiga picha, na shule iliyopewa moja haina sababu ya kuiweka kabatini. Wala jambo hili halijapitwa na wakati. Mwaka 2025 kampuni ya vivo ilitoa simu iitwayo X200 Ultra pamoja na lenzi ya nyongeza ya mara 2.35, na katika maduka mengi huuzwa vilenzi vidogo vya kubana juu ya simu ya aina yoyote. Fizikia ya vitu hivi vyote ni moja.

Fizikia hiyo si ngeni. Mwaka 1609 Galileo Galilei alipata habari za darubini iliyotengenezwa Uholanzi, akajitengenezea ya kwake; na Januari 1610 aliitumia kuiona miezi ya sayari ya Mshtarii, yaani Jupita. Darubini yake ilikuwa na lenzi mbinuko mbele na lenzi mbonyeo upande wa jicho. Lenzi ya nyongeza iliyo ya kawaida ni darubini hiyo hiyo, ila mahali pa jicho pamewekwa kamera. Miale itokayo mbali huingia ikiwa sambamba, hukusanywa na lenzi mbinuko, na kabla haijakutana hupokewa na lenzi mbonyeo na kutolewa ikiwa sambamba tena. Kwa kuwa inaingia sambamba na kutoka sambamba, kamera huipokea kana kwamba hapakuwa na kitu mbele yake. Isipokuwa pembe kati ya mwale na mwale imeongezeka. Kiasi cha ongezeko hilo hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa lenzi mbinuko kwa ule wa lenzi mbonyeo. Mathalani, lenzi ya sentimita 30 na nyingine ya sentimita 15, zikiwekwa umbali wa sentimita 15, zitakuza mara mbili.

Sasa na ichukuliwe kamera moja, Lumix FZ20, ili hesabu ionekane wazi. Lenzi yake ikivutwa hadi mwisho ina urefu wa fokasi wa milimita 72. Mwezi mpevu, ukitazamwa kutoka duniani, una upana wa karibu nusu ya digrii. Kwa hiyo taswira yake ndani ya kamera hiyo ina upana wa milimita 0.63 hivi. Kipokea nuru cha kamera kina upana wa takriban milimita 5.8 wenye nukta 2,560. Basi mwezi wote unaangukia nukta 280 tu kwa upana. Kwa kuwa kipenyo cha mwezi ni kilometa 3,474, kila nukta inabeba kilometa 12 na ushei. Ikifungwa lenzi ya nyongeza ya mara 1.7, mwezi utaenea katika nukta 475, na kila nukta itabeba kilometa 7 na ushei. Kreta iitwayo Tycho, yenye upana wa kilometa 85 hivi, ilikuwa na nukta 7. Sasa ina karibu 12. Hapo awali ilikuwa doa. Sasa ukingo wake waweza kutambulikana na kuchorwa daftarini.

Wapo wasemao kwamba gharama hiyo haina maana, kwa kuwa kamera yenyewe, baada ya lenzi yake kufika mwisho, huendelea kuvuta picha kwa njia ya kidijitali. Maneno haya yanafaa kukanushwa bila kusita. Uvutaji huo si kazi ya lenzi. Kamera huikata picha pembezoni, hutupa sehemu kubwa, kisha huinyoosha iliyobaki. Kamera yenye nukta milioni 5, ikikata kwa mara 1.7, hubakiwa na nukta milioni 1.7 hivi, nyingine hubuniwa kwa kukisia kutokana na jirani zake. Tycho itaonekana kubwa zaidi katika kioo, lakini chini yake zitabaki nukta zile zile 7. Kukuza si kuona. Mtu hawezi kuongeza unga kwa kubadilisha kibaba.

Lakini haitoshi kuisifu lenzi ya nyongeza kwa kuwa ni kioo cha kweli. Hapa ndipo namba ya pili inapodai haki yake. Juu ya duara la lenzi ya kamera kwa kawaida huandikwa urefu wa fokasi na namba ya tundu. Katika FZ20 namba ya tundu ni 2.8, nayo haibadiliki lenzi inapovutwa. Milimita 72 zikigawanywa kwa 2.8 hupatikana milimita 26 hivi: huo ndio upana wa mwanga ambao kamera hupokea. Lenzi ya nyongeza ya mara 1.7 hubana mwanga wa upana fulani uwe mwembamba mara 1.7. Kwa hiyo, ili kamera ipate milimita zake 26 kamili, lenzi ya mbele haina budi kuwa na uwazi wa milimita 44 hivi. Ikiwa nao, picha itakuwa kubwa zaidi na mwanga wake hautapungua isipokuwa kidogo unaopotea katika vioo. Hiyo ni faida ambayo lenzi ya nyongeza iwekwayo nyuma, kati ya kamera na lenzi inayobanduka, haiwezi kuitoa: ile ikikuza mara mbili, mwanga hubaki robo.

Na je, ikiwa muuzaji ametoa kasha lenye namba hiyo hiyo ya 1.7, lakini uwazi wa mbele ni milimita 30 tu? Ukuzaji utakuwa ule ule uliotangazwa. Lakini mwanga utapungua hata chini ya nusu, kamera italazimika kuacha tundu wazi kwa muda mrefu zaidi, na mkono utatikisika ndani ya muda huo. Mnunuzi ataona picha yenye ukungu na kusema kwamba lenzi za nyongeza hazina maana. Kumbe alilipia namba moja akaisahau ya pili. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika vioo, kibaya hujitembeza kwa tarakimu kubwa.

Haki inadai kukiri pia mahali ambapo lenzi ya nyongeza haifai. Nikon P1000 ya mwaka 2018 ina lenzi isiyobanduka inayofika milimita 539 kwa namba ya tundu 8. Tundu lake ni milimita 67 hivi. Anayetaka kuikuza hiyo mara 1.7 atahitaji kioo chenye uwazi wa milimita 115, kizito kuliko ambavyo pua ya kamera ingeweza kubeba. Akiweka kidogo, atapata giza. Hesabu ile ile iliyoitetea lenzi ya nyongeza katika kamera ya zamani ndiyo inayoikataa katika kamera hii. Hali kadhalika, lenzi ya nyongeza hutumika pale tu kamera inapovutwa mbali. Ikirudishwa karibu, pembe za picha huwa nyeusi kama mtu achunguliaye kupitia bomba. Kinachokuza ndege hukuza pia mtikisiko wa mkono, hivyo stendi ya miguu mitatu si anasa. Na mchana wa jua kali, juu ya mbuga au paa la bati, hewa ya moto hucheza kiasi kwamba hakuna lenzi iwezayo kusaidia. Afadhali kungoja asubuhi.

Kutokana na haya linafuata pendekezo moja kwa walimu wa fizikia. Somo la lenzi mara nyingi huishia katika kuchora miale na kukokotoa kwa kanuni ya fokasi. Yafaa liendelee hatua moja zaidi, hadi kwenye kupima kitu kinachouzwa. Vifaa ni vichache: lenzi mbinuko ya sentimita 30, lenzi mbonyeo ya sentimita 15, bomba la karatasi ngumu lililopakwa rangi nyeusi ndani, na kamera au simu ya mwalimu. Lenzi mbonyeo iwe upande wa kamera. Wanafunzi wapige picha ya rula iliyobandikwa ukutani, ng'ambo ya uwanja, mara moja bila lenzi na mara moja nazo, wakiwa wamesimama mahali pale pale. Wapime rula hiyo katika picha zote mbili na kugawanya; watapata ukuzaji wa kweli, si wa kasha. Kisha wafunike lenzi ya mbele kwa kadi nyeusi zenye matundu ya vipenyo mbalimbali, na waandike muda ambao kamera inatumia kwa kila kadi. Muda utakapoanza kurefuka, watakuwa wameigundua namba ya pili wao wenyewe.

Watagundua na jambo jingine: ukingo wa rangi, zambarau au kijani, kuzunguka kila kitu cheusi. Kosa hilo hutokana na kioo kimoja kupinda kila rangi kwa kiasi chake. Dawa yake, ambayo John Dollond wa London aliipatia hataza mwaka 1758, ni kuunganisha vioo vya aina mbili vinavyosahihishana. Lenzi ya nyongeza iliyo ghali huwa na vioo hivyo. Iliyo rahisi sana aghalabu haina. Mwanafunzi aliyekwisha kuuona ukingo huo kwa macho yake hataambiwa dukani kwamba vioo vyote ni sawa. Onyo moja halina budi kukaririwa kabla ya kila jaribio: bomba hilo lisielekezwe kwenye jua kamwe, wala kwa jicho wala kwa kamera.

Huenda mwalimu akauliza kama kweli ni kazi ya shule kumfundisha mtu kununua. Si hivyo. Kazi ya shule ni kumfundisha mtu kutokubali namba mpaka aijue inapimwaje na imeacha nini. Leo namba hiyo imeandikwa juu ya kasha la lenzi. Kesho itakuwa juu ya mfuko wa mbolea, betri ya jua au chupa ya dawa. Aliyeuliza swali la namba ya pili katika maabara atalijua swali hilo popote atakapokwenda. Na maabara nyingi za sekondari tayari zinazo lenzi hizi mbili, zimefungwa ndani ya visanduku vyake. Penye miti, hapo, wajenzi wapo madarasani. Wanachongoja ni kufunguliwa visanduku.