Mbabula ya bei ndogo inakula makala



Mwaka uliopita tulitoa pesa ya likelemba, tukanunua mbabula za bei ndogo kuliko zote sokoni. Kabla ya miezi mitatu udongo wa ndani ulipasuka, makala yakawa yanaisha mbio. Tukalipa mara ya pili. Ndiyo sababu leo tunasema namna ya kuchagua.

Kwanza, angalia udongo wa ndani. Usiwe na ufa hata mdogo, wala usicheze ndani ya bati, kwani ndio unaoshika joto. Pili, mlango wa hewa ufunguke na kufungika vizuri: maharagi yakisha kuchemka unaufunga kidogo, makala yanadumu. Tatu, peleka sufuria yako ya kila siku, uiweke juu. Ikiyumba, usinunue.

Tena, usihesabu bei ya mbabula peke yake. Tuseme ile nzuri inapita nyingine kwa franka 12.000, lakini inakuokolea makala ya franka 400 kila siku. Katika siku 30 tofauti imerudi. Baada ya hapo, faida ni yako.

Siku ya kwanza washa moto mdogo, udongo ukauke polepole. Na hata mbabula nzuri isilale inawaka katika chumba kilichofungwa: hewa ya makala haionekani, nayo inaua watu usingizini.

Pesa ikiwa kidogo, kundi linunue moja, muijaribu wiki moja. Ikiwa nzuri, wengine wapate kwa zamu.