Mwizi Aliyeuawa Hamtaji Mnunuzi

Mali ya mkulima haina mlango wa chuma. Ng'ombe wake hulala katika zizi la miti, mahindi yake husimama shambani mchana na usiku, na majani yake ya chai humea kando ya njia ipitwayo na kila mtu. Tajiri wa mjini huziweka fedha zake benki akalala usingizi. Mkulima wa Siongiroi huutandaza utajiri wake wazi chini ya mbingu, kisha huwategemea majirani wamwangalizie. Kwa hiyo wizi wa kijijini haupunguzi mali tu. Huivunja ile imani ambayo pasipo hiyo hapana mtu awezaye kulima wala kufuga.

Wageni hudhani ng'ombe ni mnyama tu. Sisi twajua kwamba ng'ombe mmoja wa maziwa ni karo ya shule, ni sukari, ni dawa ya mtoto, ni mursik ya mgeni. Asubuhi maziwa hupelekwa kwenye kiwanda cha kupozea maziwa hapa Siongiroi, na mwisho wa mwezi mama hupata fedha ambazo hakumwomba mtu. Zizi likivunjwa usiku mmoja, hayo yote huondoka pamoja. Katika kazi yangu ya ualimu nimeona dawati likibaki tupu juma lile lile zizi lilipobaki tupu. Basi mtu asinishitaki kwamba nawatetea wezi. Sina huruma na wizi. Ninalopinga ni dawa tuliyojichagulia wenyewe, nayo ni mawe, rungu na moto.

Miaka kadhaa iliyopita, katika soko moja la upande wetu, kijana aliyepata kuwa mwanafunzi wangu alikamatwa alfajiri akiwa na kamba mkononi na matope hadi magotini. Usiku ule ng'ombe wawili wa mjane mmoja walikuwa wametoweka. Sisemi kwamba kijana yule alikuwa malaika. Darasani alipata kuiba kalamu, nami nilimwadhibu. Huenda aliwaiba ng'ombe wale. Huenda alitumwa tu awavushe mto. Huenda alikuwa akimtafuta fahali wa mjomba wake, kama alivyolia kusema. Hatujui, wala hatutajua, kwa kuwa kabla ya saa mbili asubuhi alikuwa amekwisha kufa. Nilifika nikakuta moshi. Watu niwajuao walikuwa wakienda zao wakitazama chini, na wengine walikuwa wakinawa mikono kwenye bomba la soko kana kwamba wametoka kupalilia.

Siku ya tatu nilikwenda kumpa pole yule mjane. Hakulia wala hakumlaani mtu. Aliniambia, "Mwalimu, mliyemwua ndiye aliyejua ng'ombe wangu walikopelekwa."

Maneno yale yamenikaa moyoni, maana yana akili kuliko hotuba nyingi za barazani. Ng'ombe hafichwi mfukoni kama saa. Ana rangi, ana pembe, ana alama sikioni, na hula kila siku. Mtu hamwibi ila awe na mahali pa kumpeleka: kwa mchuuzi mwenye lori, kwa mwenye bucha asiyeuliza maswali, au kwa jamaa wa ng'ambo ya mpaka wa Narok atakayemchanganya na kundi lake. Sheria inataka mifugo isihamishwe bila kibali, na nyama isiuzwe kabla ya kukaguliwa. Kila ng'ombe wa wizi aliyegeuka kitoweo amepita mbele ya macho ya mtu aliyeamua kutoona. Tena wanunuzi hao si majini. Ni watu wa makanisani na wa kamati za shule, na huenda baadhi yao hupiga kelele kuliko wote mwizi anapokamatwa. Mbona wasipige kelele? Kijana akifikishwa kituoni akiwa hai, atahojiwa. Akihojiwa, atataja majina. Moto humwokoa mnunuzi.

Sheria zetu zaelewa jambo hili kuliko sisi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya humpa mwizi wa mifugo kifungo kisichozidi miaka 14. Nayo humpa mwenye kupokea mali ya wizi, huku akijua, kifungo kisichozidi miaka 14 vilevile. Mizani ni sawa. Sisi tumeipindua: mwizi apata kifo, mnunuzi apata nyama rahisi.

Nitajibiwa, kama nijibiwavyo kila mara, kwamba polisi hawafai. Ukimpeleka mwizi leo, kesho utakutana naye sokoni akikucheka. Sikatai kwamba wamo askari wanaokula rushwa, na kwamba kituo huwa mbali na gari lake halina mafuta. Lakini tutenganishe mambo mawili. La kwanza ni dhamana. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 49, yataka mtu aliyekamatwa afikishwe kortini katika muda wa saa 24, na yampa haki ya dhamana ila pakiwa na sababu nzito za kumnyima. Kuachiliwa kwa dhamana si kusamehewa. Ni kungoja hukumu ukiwa nje. La pili ni kesi yenyewe. Kifungu cha 202 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai humruhusu hakimu kumwachilia huru mshtakiwa iwapo mlalamishi hakutokea siku ya kusikizwa. Na sisi hatutokei. Siku ya kesi huwa ni siku ya kuchuma chai, au ya mazishi, au nauli ya kwenda Sotik imekosekana. Ama wazee wa pande mbili wamekutana usiku wakapatana kwa ndama na shilingi kidogo. Kisha twarudi nyumbani tukisema korti imenunuliwa.

Sheria hiyohiyo, katika vifungu vya 34 na 35, humruhusu raia amkamate mhalifu, ila amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Basi hatujafungwa mikono. Twaweza kumkimbiza mwizi, kumwangusha, kumfunga kamba yake mwenyewe. Tukishavuka hapo, jina letu hubadilika. Tena asijidanganye yule asemaye, "Mimi nilitupa jiwe dogo tu." Wengi wakitenda uovu kwa nia moja, kila mmoja wao huhesabiwa kuwa ametenda wote.

Lipo jambo linalonishangaza zaidi katika nchi yetu hii ya Kipsigis. Mwaka 1909 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya adhabu ya pamoja, ambayo kwayo jamii nzima ilitozwa mifugo kwa kosa la wachache. Mwaka 1934 ikatunga nyingine ya kuwahamisha Talai, ukoo wa orkoiyot, kwa kudai kwamba ndio waliopanga wizi wa ng'ombe. Wakachukuliwa wanaume, wake na watoto, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, mahali pa malale na joto. Hapakuwa na kesi ya mtu mmojammoja. Ilitosha kuzaliwa katika ukoo ule. Hadi leo wazao wao hudai haki, na sisi huwaunga mkono kwa hasira ya kweli. Ila tukisikia ukemi usiku tunamhukumu mtu kwa kamba na matope yake, kwa haraka kuliko yule Mwingereza.

Mwezi Mei 2008, huko Kisii, jirani zetu, watu 11 walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi, na wengi wao walikuwa wanawake wazee. Hawakuwa wezi wa ng'ombe. Lakini umati ukishazoea kuua bila kuuliza, hauna tena sababu ya kusimama kwa mwizi.

Wazee wetu hawakuwa na kituo cha polisi, na mali yao haikulindwa kwa petroli. Walikuwa na kokwet, baraza la majirani, ambalo mtu alisimama mbele yake akasema, akajibiwa, akaapishwa. Aliyeshindwa alilipa, na ukoo wake ulilipa pamoja naye, kwa hiyo kila ukoo uliwachunga vijana wake. Walikuwa na kimanagan, desturi ya kuwaweka ng'ombe kwa marafiki wa mbali, hata zizi moja likivamiwa au maradhi yakiingia, mtu asiwe maskini kwa usiku mmoja. Sisemi tuyarudie yote. Kiapo hakitoshi mahali pa ushahidi, na ng'ombe wa gredi hapelekwi kwa rafiki wa mbali. Nasema tu kwamba walitumia vinywa kabla ya mikono.

Tanzania walikuwa na balozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960, na katika miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi wakaanzisha sungusungu wa kuwafuata wezi wa ng'ombe. Wezi walipungua, lakini baadhi ya sungusungu nao walitesa na kuua. Sisi Kenya tuliiazima nyumba kumi mwaka 2013. Hapa kwetu, kwa kadiri nilivyoona, imebaki kuwa orodha ya majina katika daftari la mzee wa kijiji, nayo hufunguliwa akija mgeni mkubwa. Ingekuwa kazi rahisi kuandika humo kila ng'ombe wa kila boma, rangi yake na alama yake, na kumtaka kila mwenye bucha aonyeshe alikomnunua aliyemchinja. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuiandika orodha hiyo kwa Jumamosi mbili. Haiandikwi kwa sababu moja: wapo wasiotaka iandikwe.

Nami sina budi kusema langu, maana nimewasema wengine. Askari walipofika sokoni siku ile waliniuliza kama walivyowauliza wote, nikajibu kama wote: nimechelewa, sikuona. Ilikuwa kweli kwamba nilichelewa. Lakini wale waliokuwa wakinawa niliwajua kwa majina, na wawili walikuwa na watoto darasani mwangu. Nilijiambia kwamba mwalimu hana budi kuishi na watu. Hakuna aliyeshtakiwa.

Mama wa kijana yule bado yu hai. Ana ng'ombe mmoja, na kila asubuhi hupeleka maziwa mahali pale pale yule mjane apelekapo yake, tangu alipojaliwa kununua mtamba mwingine. Hukutana njiani, kila mmoja na mtungi wake, na hawasalimiani.