Kilimanjaro uingie kwenye michezo ya shule

KILA inapofika Julai na Agosti, shule za Ulaya zikiwa likizo, mageti ya Marangu na Machame hupokea vikundi vya wanafunzi wa sekondari kutoka Uingereza na nchi nyingine za mbali. Wanakuja na walimu wao, kila mtu na begi lake, kupanda Mlima Kilimanjaro.

Shabiki wa soka anaweza kusema hiyo ni habari ya utalii, haina nafasi kwenye kurasa za michezo. Akiangalia vizuri jinsi wanafunzi wale wanavyoandaliwa, atagundua kuna kitu ambacho soka la Tanzania linakitafuta kila siku na halikipati.

Safari ile huanza mwaka mmoja, hata miwili, kabla ya ndege kupaa. Wanafunzi wengi huchangisha fedha wenyewe kwa kuosha magari, kuuza keki na kufanya vibarua. Siku za wikiendi hutembea kwenye vilima vya kwao wakiwa na mzigo mgongoni, ili miguu na mapafu vizoee. Kwa lugha ya uwanjani, hayo ni maandalizi ya msimu.

Wakishaanza safari, vikundi vingi hupokezana uongozi. Leo nahodha ni huyu, kesho yule. Nahodha wa siku ndiye anayepanga saa ya kuondoka, anahesabu wenzake na kuhakikisha kila mmoja amekunywa maji. Mwalimu anabaki nyuma, anaingilia pale usalama unapoguswa.

Mashabiki wangapi wamelalamika kwamba timu ikifungwa bao moja inapoteana, hakuna wa kuwapanga wenzake? Mchezaji hafundishwi uongozi kwa kuvishwa kitambaa akiwa na miaka 25. Anaujenga akiwa na miaka 15, siku anapoachiwa wenzake 10 waliochoka, wana baridi na wanataka kurudi nyumbani.

Mlima wenyewe ni kocha mkali. Kwa njia ya Marangu, kituo cha kwanza ni Mandara, mita 2,720 kutoka usawa wa bahari. Kinafuata Horombo, mita 3,720, kisha Kibo, mita 4,720. Safari ya kilele huanza karibu saa sita usiku, kwenye baridi ya kugandisha maji, kuelekea Uhuru, mita 5,895. Pale juu hewa ya oksijeni ni karibu nusu ya ile anayoivuta mtu wa Dar es Salaam.

Huko ubabe hausaidii. Anayetimua mbio siku ya kwanza ndiye anayekata pumzi siku ya nne. Ndiyo maana waongozaji hawachoki kusema “pole pole”, na kundi hutembea kwa mwendo wa yule wa mwisho. Winga anayemaliza mafuta dakika ya 20 halafu anaomba kutolewa dakika ya 60 angejifunza mengi hapo.

Na soka si mgeni kwenye mlima huo. Mwaka 2017 wanawake kutoka nchi mbalimbali walipanda na magoli yao, wakacheza dakika 90 ndani ya kreta kwenye mita 5,714, wakatoka 0-0. Mwaka 2023 Simba nao walipeleka jezi yao mpya kileleni kuizindua. Jezi imefika Uhuru, watoto wa shule walio chini ya mlima bado.

Hapo ndipo panapouma. Wanaowavusha wageni wale ni Watanzania, wengi wao wakazi wa vijiji vilivyo chini ya mlima. Mpagazi anabeba hema na chakula cha mtoto wa mwenzake mpaka juu, wakati mwanawe anakijua kilele kwa kukitazama kutoka uwanja wa shule, siku ambayo hakuna mawingu.

Wapo watakaosema fedha hakuna. Ni kweli mlima una gharama, lakini ada ya hifadhi kwa raia ni ndogo mno ukilinganisha na anayolipa mgeni. Pia, si lazima kuanzia kileleni. Kutembea hadi Mandara na kurudi ni kazi ya siku moja. Shule za Morogoro zina Uluguru, za Tanga zina Usambara, za Mbeya zina Rungwe. Huko kinachohitajika ni viatu imara, koti la mvua, maji, chakula na mwalimu anayejua anachofanya, pamoja na mwenyeji anayeijua njia.

Wengine watasema UMITASHUMTA na UMISSETA zinatosha. Mashindano hayo yana heshima yake na yameibua vipaji vingi. Lakini yanawachukua wachache waliochujwa, na wanaobaki shuleni ni watazamaji. Mlimani hakuna benchi. Mtoto mnene, mtoto mwoga na yule ambaye hajawahi kupangwa hata timu ya darasa, wote wanatembea, na wote wanahesabiwa.

Hoja ya hatari ndiyo ya kusikilizwa zaidi. Ugonjwa wa mwinuko unaua, na hauchagui mwenye misuli. Unaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu na pumzi kuwa fupi. Mtu akipuuza akaendelea kupanda, mapafu au ubongo vinaweza kujaa maji. Tiba ya uhakika ni kushuka, mapema. Sheria za hifadhi haziruhusu mtoto wa chini ya miaka 10 kwenda kileleni, na hakuna anayepanda bila mwongozaji aliyesajiliwa.

Kwa hiyo shule itakayoamua kwenda isikurupuke. Wanafunzi wapimwe afya, wazazi waelezwe ukweli wote, siku za kuzoea mwinuko zisipunguzwe ili kuokoa fedha. Na mwalimu awe na ubavu wa kusema “tunarudi” hata kilele kikiwa kinaonekana. Kocha anayemrudisha uwanjani mchezaji aliyegongwa kichwa kwa sababu anataka pointi tatu hafai kuongoza watoto mlimani.

Wizara zinazohusika na elimu na michezo zina walimu, TANAPA ina milima na waongozaji, klabu kubwa zina wadhamini na timu za vijana. Zikikaa meza moja, shule chache za majaribio zinatosha kuanzia. Klabu inayoweza kupeleka mabasi ya mashabiki mikoani haitashindwa kugharamia darasa moja hadi Mandara.

Julai ijayo wageni watakuja tena. Itapendeza wakifika geti la Marangu wakute foleni, na waliotangulia mbele yao wawe wanafunzi wa Kitanzania waliovaa sare za shule zao, wanahesabiwa na nahodha wao wa siku.