Ipi Itangulie?

Mwezi huu tunazungumza juu ya ugonjwa unaokuja wawili wawili.

Mama mmoja wa Magomeni Mikumi alitufuata baada ya kikao cha akina mama kanisani, kichupa cha vidonge kikiwa kimefungwa kwenye pindo la kitenge. Binti yake, mwenye miaka 31, anafanya biashara Kariakoo. Tangu utotoni hatulii, anasahau, huanza mambo kumi asimalize hata moja. Ndugu aliyeko ng'ambo akamletea methilfenideti, dawa ya kusaidia umakini. Wiki ya pili binti alikesha siku 4, akaongea bila kituo, akagawa bure mali aliyoichukua kwa mkopo. "Sista," mama akatuuliza, "hii ni sumu?"

Hapana, mama. Dawa hiyo ilitangulia kabla ya zamu yake. Tulipodadisi, mama alikumbuka kwamba miaka 3 nyuma binti alichangamka kupita kiasi kwa wiki nzima, kisha akajifungia chumbani miezi 2 akilia. Hospitalini daktari alikuta magonjwa mawili.

La kwanza ni upungufu wa umakini na utukutu. Huanza utotoni na lipo kila siku. La pili ni baipola. Hili huja kwa vipindi: mara mtu hupanda, halali wala hachoki, mara hushuka katika huzuni nzito.

Mtu akiwa na yote mawili, hisia hutulizwa kwanza, ndipo umakini uangaliwe. Mwaka 2017 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya watu wazima 2,307 wenye baipola walioanza methilfenideti. Kwa walioimeza bila dawa ya kutuliza hisia, hatari ya kupandwa katika miezi 3 ya kwanza iliongezeka karibu mara 7. Kwa waliokuwa na dawa ya kutuliza hisia, hatari haikuongezeka.

Dawa ya zamani ya kutuliza hisia ni lithiamu, iliyojulikana kwa kazi hii tangu mwaka 1949. Inafaa sana, ila inataka uangalizi. Damu ipimwe mara kwa mara, pamoja na figo na tezi ya shingo. Kwa joto letu la Dar es Salaam, mgonjwa anywe maji ya kutosha, wala asipunguze chumvi ghafla. Asinunue diklofenaki dukani bila kuuliza, maana hupandisha lithiamu mwilini. Vivyo hivyo mfungo wa bila maji haumfai. Azungumze na mchungaji, wapo watakaofunga kwa ajili yake. Akitapika, akiharisha, akitetemeka sana au akiyumba, awahishwe hospitali.

Dawa nyingine ni valproeti. Hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mwanamke anayeweza kushika mimba amweleze daktari mapema.

Tena, mgonjwa akipata nafuu asiache dawa ghafla kwa kudhani amepona. Kuombewa na kumeza dawa havigombani.

Binti sasa anatumia lithiamu na usiku analala. Suala la umakini daktari ameliweka mbele, hisia zikishatulia. Kwa sasa mdogo wake anamsaidia kuandika mauzo kwenye daftari. Na kile kichupa? Mama alimkabidhi daktari. Nasi tunawaomba: kidonge cha kuletewa kisimezwe kabla daktari hajakiona.