Mche na Selfi Havitoshi

Sema ukweli: ule mche uliopanda Novemba 13, 2023, siku ya mapumziko tuliyopewa tukapande miti, uko wapi leo? Picha bado unayo kwenye simu. Mche je? Labda ulikauka, labda mbuzi wa jirani alijihudumia.

Serikali inataka miti bilioni 15 kufikia 2032. Sawa. Lakini kupanda ni kazi ya asubuhi moja, kutunza msitu ni kazi ya kusomea. Waulize Waingereza. Mbwa mwitu waliisha kwao karne nyingi zilizopita, kulungu wakazaana bila wa kuwapunguza, na sasa wanatafuna miche kabla haijawa miti. Ndiyo maana huko kuna kozi na vyeti vya kulungu tu: kuwahesabu, kusoma alama za meno kwenye magome, kujua yupi apunguzwe na msimu gani.

Kwetu shida imegeuka. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na bado bongo wa milimani hawafiki 100 porini. Huyo naye anahitaji mtu aliyesoma, si mwenye huruma pekee.

Chuo cha misitu kipo Londiani, taasisi ya wanyamapori ipo Naivasha. Ila ukitaja diploma ya misitu nyumbani, utaulizwa kama ulianguka mtihani! Na hela za miche huwa hazikosi, za karo ndizo ngumu. Basari ya eneo bunge lako inasomesha wangapi kozi hizi? Nenda ofisini ukaulize, na ubebe fomu yako.